Ameagwa mara tatu, safari hajaikubali

Saa moja kasorobo asubuhi, wanafunzi wakimiminika getini, mwalimu mmoja wa Kiingereza anaingia shuleni kwake kupitia pengo la ua nyuma ya vyoo. Anatanguliza mkoba, kisha mguu, kisha kichwa. Suruali inanasa kwenye waya. Anainasua taratibu kama mtu aliyekwishazoea, anakung'uta vumbi magotini na kuelekea darasani kana kwamba njia ndiyo hiyo.

Hajachelewa, wala hana kesi na mtu. Anayemkwepa ni mlinzi wa geti, ambaye majuma machache yaliyopita alimkumbatia mbele ya kadamnasi, akalia machozi ya kweli na kumtakia maisha mema nchini China. Tangu hapo kila wakionana, mlinzi humtazama kama mtu aliyedhulumiwa machozi yake.

"Namwonea aibu," anasema mwalimu huyo. "Mtu amekulilia vizuri kabisa, halafu Jumatatu asubuhi anakuona unapita na boksi la chaki."

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, na kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia ubaoni. Zamani mtaani walimwita Ticha tu. Siku hizi wanamwita Bado Yupo.

Jina hilo limetokana na kazi ya kufundisha Kiingereza watoto wadogo huko China, kazi ambayo watu wote wanaomfahamu wamekwishamkubalia kwa niaba yake. Ameagwa kwa sherehe tatu. Nyumbani kwake kuna masanduku matatu mapya ya safari, saa mbili za ukutani, blanketi zito la zawadi na picha yake mwenyewe iliyotiwa fremu. Kitu pekee ambacho hajapata ni uamuzi. Mkataba umeshatumwa, na ikifika Ijumaa ya juma hili anatakiwa awe amejibu, ama anakwenda ama haendi.

Katika ofisi ya walimu, meza yake ya kando ya dirisha ilichukuliwa na mwalimu wa hesabu alasiri ileile ya sherehe, chupa za soda hazijaondolewa.

"Mimi nilifuata utaratibu," anajitetea mwalimu wa hesabu, viwiko vyake vikiwa vimetulia juu ya meza. "Mtu akishaagwa, meza inabaki wazi. Ningejuaje kwamba ataendelea kuwepo?"

Kwa hiyo mwalimu wetu anasahihishia madaftari kwenye kaunta ya birika la chai. Kila mwenzake anayetaka chai humwambia, "Samahani, Ticha," naye hunyanyua rundo la madaftari, husubiri, kisha huliteremsha. Wapo wanaokunywa vikombe viwili.

Darasani hali ni nyingine. Wanafunzi wake wanazidi themanini, wanabanana watatu watatu kwenye dawati moja, na siku ya kumuaga walifundishwa wimbo. Wimbo uliwakolea. Sasa mwalimu akisogea tu mlangoni, hata kama anakwenda msalani, darasa zima linasimama na kumwimbia safari njema.

"Na wanaimba vizuri," anasema, na kwa kweli anaonekana kujivunia. "Sauti ya pili wamejipangia wenyewe."

Mambo yalianza kimchezomchezo. Rafiki yake wa tangu chuoni, ambaye tayari anafundisha kule, alimwandikia kwamba shule yao inatafuta mwalimu, na mshahara wake ni mara nne na ushee ya ule wa hapa. Akajaza maombi kama anavyojaza mtu asiyetarajia kitu. Shule ikamjibu, ikamtaka atume video fupi akifundisha mtoto mdogo, kwa furaha na kwa vitendo.

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Mwalimu huyu hajulikani kwa vitendo. Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana watoto wao, wanasema hawakuwahi kuyaona meno yake. Lakini Jumamosi moja alitundika shuka ukutani chumbani, akamkalisha bintiye wa miaka mitano kwenye ndoo iliyopinduliwa awe mwanafunzi, na akamkabidhi mkewe simu arekodi. Kisha akaruka kama chura.

Binti huyo mtaa mzima unamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujawahi kupumzika, na wazazi wake nao wamekuwa Baba Chiriku na Mama Chiriku. Yeye alipiga makofi na kudai baba arudie. Mama mtu, fundi cherehani ambaye kwa kawaida hacheki ovyo, alicheka hadi picha ikayumba. Kwenye video ile, chura anaruka, chumba kinatikisika, na kicheko kinasikika juu ya kila kitu.

"Nilijua nimeshaharibikiwa," anakumbuka. "Nikaituma hivyohivyo, sikuwa na nguvu ya kuruka tena. Magoti yalikuwa yanalia."

Shule ikaipenda. Ikataka barua kutoka kwa mwajiri wake wa sasa, na barua hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwalimu mkuu wa shule yake ni mama wa makamo mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mwalimu alikwenda kwake faragha, akafunga mlango, akamweleza kwamba anajaribu bahati yake tu na hajakata shauri lolote. Mwalimu mkuu akamwandikia barua safi kabisa. Kesho yake, gwaride la asubuhi lilipopangwa, akautangazia umma kwamba shule imepata balozi.

"Niseme nini, nilifurahi," anasema mwalimu mkuu. "Shule yetu haijawahi kutoa mtu wa kwenda popote, ukimwacha yule mhasibu aliyetoroka."

Habari ilipofika kwenye kamati ya ustawi wa walimu, ile inayoandaa sherehe za harusi na za kustaafu, ikawa imefika penyewe. Mwenyekiti wake, mwalimu wa Kiswahili, hujulikana kama Mzee wa Itifaki. Ana suti ya shughuli, ana sauti ya shughuli, na kwa miezi mingi alikuwa hajapata shughuli.

"Mambo yalikuwa yamekauka," anaeleza bila kuficha. "Hakuna aliyeoa, hakuna aliyestaafu. Kamati ilikuwa inasinzia. Mwenzetu akatuamsha."

Sherehe ikafanyika Ijumaa baada ya vipindi. Mwalimu alikaa meza kuu, shada shingoni, jasho jembamba likimtoka, akisubiri zamu yake ya kuzungumza ili aweke mambo sawa. Zamu ilipofika akasimama na kusema, "Ndugu zangu, nawashukuru sana, lakini ukweli ni kwamba bado sijaamua."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Mnamwona mtu huyu?" Mzee wa Itifaki akadaka kipaza sauti. "Mnauona unyenyekevu?"

Mwalimu akajaribu tena. Akasema huenda asiende kabisa. Walimu wa kike waliokaa nyuma wakaanza kujifuta macho, na mmoja akasikika akisema, "Maskini, uchungu wa kutuacha umemzidi." Alipofungua mdomo mara ya tatu, muziki ukawekwa.

Majirani nao wakasema hawawezi kushindwa na shule, wakafanya ya kwao uani kwake Jumapili iliyofuata. Halafu baba yake mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu wazee watangulie, akawaita ndugu wote nyumbani kwake kwa ajili ya nasaha. Alizungumza kuanzia sahani zilipoondolewa hadi watoto walipoanza kulala mapajani mwa mama zao. Alimwonya mwanawe kuhusu baridi, ngazi za umeme na wanawake, kwa mpangilio huohuo.

Hakujaribu kumkatiza?

"Baba mdogo hakatizwi," mwalimu anajibu. "Ukimkatiza anaanza upya."

Baada ya hapo siku zikapita, na mwalimu akawa anaonekana. Alionekana kituo cha mafuta ananunua mafuta ya taa. Alionekana kwa kinyozi. Watu walimsimamisha njiani na kumtazama juu hadi chini, wakimwuliza, "Ticha, bado upo?" kwa sauti ya mtu anayemkuta mgeni jikoni baada ya kumsindikiza. Akaanza kupita vichochoro. Akaacha duka la jirani, akawa anafuata mkate mtaa wa tatu.

Siku moja mkate wa huko ukaisha, akarudi kwa muuza duka wake wa siku zote. Yule bwana akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Pole sana, ndugu yangu. Yalikuwa makaratasi, au walikukamata na kitu?"

"Mtaani wanasema nimefukuzwa," mwalimu anasimulia, na hapa hata yeye anacheka, meno yote nje. "Nimefukuzwa nchi ambayo sijaitia mguu!"

Kwa nini basi hakuamua mapema? Anaunyanyua mkoba wake, anaufungua, anaufunga. Mkataba ni wa miaka miwili, anasema, na mwaka wa kwanza hauna likizo ya kurudi nyumbani. Chiriku atakuwa na miaka saba. Hilo linamuuma. Lakini kuna lingine ambalo lilimchukua muda kulitamka, na analitamka akitazama kando.

"Mimi nataka kwenda. Si fedha peke yake. Miaka kumi na sita nafundisha watoto sentensi za kuomba njia, kuuliza nauli, kuagiza chai hotelini. Sijawahi kumwomba mtu njia kwa Kiingereza hata siku moja. Nataka nipotee mahali, niulize. Sasa mtu mzima mwenye mke na mtoto utasemaje jambo kama hilo? Nikawa naogopa hata kujiambia mwenyewe."

Juma lililopita shule ya China ilimpigia kwa mazungumzo ya mwisho. Aliegemeza simu kwenye kabati sebuleni, masanduku yakiwa nyuma yake. Mkewe alikuwa pembeni kwenye cherehani, anamalizia sare za watoto wa jirani. Mkurugenzi wa shule ile, mama mchangamfu mwenye miwani, aliyaona masanduku akafurahi, akasema kumbe ameshafungasha. Yalikuwa matupu, lakini mwalimu hakusema.

Walizungumza habari za madarasa, nyumba na usafiri. Mwishoni yule mama akamwuliza nani alikuwa akicheka kwenye video. Ofisi nzima walikuwa wameirudia kwa ajili ya kile kicheko.

"Ni mke wangu," akajibu.

"Na yeye anasemaje kuhusu safari?"

"Amekubali," mwalimu akasema bila kupepesa. "Amefurahi mno."

Pembeni, cherehani ikasimama.

Mama Chiriku hakusoma sana Kiingereza. Lakini miaka kumi ya kuishi na mwalimu wa Kiingereza inatosha kumjulisha mtu anaposingiziwa. Alisubiri simu ikatwe, akakunja sare, akaenda jikoni, na kuanzia jioni ile mumewe hakusikia tena neno lake moja kwa moja. Mawasiliano yote ya nyumba yakahamia kwa Chiriku.

"Baba, mama anasema chakula kipo mezani."

"Mwambie asante."

"Mama, baba anasema asante. Halafu anasema umependeza."

"Sikusema hivyo," mwalimu akanong'ona.

"Mama, baba anasema hakusema hivyo."

Hali ikawa hiyo juma zima. Mtoto akawa mtu mkubwa nyumbani. Ujumbe mrefu aliubeba kwa biskuti mbili, na mfupi kwa moja.

Alhamisi alasiri, siku moja kabla ya jibu kutakiwa, mazungumzo na gazeti hili yanafanyika sebuleni kwao, katikati ya masanduku. Mama Chiriku yupo kwenye cherehani yake, futi ya kupimia shingoni, anashona bila kunyanyua uso. Anapoulizwa, kama ilivyo ada ya kazi hii, yeye anaonaje safari ya mumewe, anaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mwulize yeye," anasema. "Ndiye anayejua nilichokubali."

Mwalimu anakohoa. "Mama Chiriku, mimi nilidhani... Wewe si ndiye uliyeshika simu siku ile ya chura?"

"Kushika simu ni kukubali? Hata hilo kabati limeshika simu. Nalo limekubali?"

Chiriku anafungua mdomo apeleke ujumbe, anaona haupelekwi kokote, anaufunga.

"Watu wamejaa uani kwangu," mkewe anaendelea, sasa anamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nimewapikia, nimewapakulia, nimeosha vyombo vyao. Kila mmoja ananipongeza. Wewe unanung'unika kila siku kwamba wamekuaga bila kukuuliza. Na mimi je? Mimi nani kaniuliza? Amekuja kuuliza mama wa China ambaye hata hanijui, na hata yeye ukamjibia."

Mwalimu anakaa juu ya sanduku, sanduku linabonyea. Ni wazi kwamba jambo hili halikuwahi kumpitia kichwani, na kwamba sasa limemwingia lote kwa mpigo.

"Haya," anasema. Anajiweka sawa, anashusha pumzi. "Swali la kwanza—"

"Niulize kama mtu. Usiniulize kama mtihani."

Anaanza tena. Safari hii maneno yanamtoka vipandevipande. Anamwambia kwamba anataka kwenda, kwamba anaogopa, kwamba akimfikiria mtoto usingizi unampaa, na kwamba amekosa kumwuliza kwa sababu aliogopa atakatazwa, na aliogopa zaidi kwamba hatakatazwa. "Sasa nakuuliza. Wewe unasemaje?"

Mama Chiriku anakata uzi kwa meno, anakunja kitambaa, anakiweka.

"Sitaki uende," anasema. "Ndiyo hivyo, sasa umejua. Nimekuzoea. Nyumba itapooza. Lakini sitaki pia uwe mtu wa kupita vichochoroni kama mwizi wa kuku, halafu uzeeke unanitazama kama geti lililofungwa. Nenda mwaka mmoja. Miwili hapana. Waandikie."

"Mwaka mmoja wanaweza kukataa. Kazi yote ikapotea."

"Basi itapotea tumeshaulizana."

Akaandika jioni ileile, mkewe akiwa amesimama nyuma ya kiti, akimtaka amsomee kila mstari kwa Kiswahili kabla ya kuutuma. Alieleza kwamba mwanzoni alisema mkewe amekubali, na hilo halikuwa kweli. Sasa amemwuliza, na jibu lake ni mwaka mmoja.

Ijumaa nzima alisahihisha madaftari kwa kalamu isiyoandika bila kugundua. Jibu likaingia mchana, akiwa amenyanyua rundo la madaftari kumpisha mwalimu wa hesabu achote chai. Mwaka mmoja umekubaliwa. Mkurugenzi aliongeza kwamba yeye mwenyewe alipokwenda kusoma ng'ambo mumewe alimnunia miezi mitatu, na kwamba amsalimie yule anayecheka.

Mwalimu akamwaga machozi palepale kwenye kaunta ya chai. Mwalimu wa hesabu, kwa mshtuko, akajitolea kumrudishia meza hadi siku ya safari.

Habari haikukaa. Jioni hiyohiyo Mzee wa Itifaki alibisha hodi nyumbani kwa mwalimu akiwa na suti yake mkononi, tayari kwa mazungumzo ya awali. Alieleza kwamba ile sherehe ya kwanza, kwa kuwa safari haikuwa imekubaliwa, kiutaratibu haihesabiki.

Mama Chiriku alimpokea mlangoni kwa heshima zote na hakumpa nafasi ya kuingia. "Mwalimu, nyote mmeshamuaga, na mmemuaga vizuri. Aliyebaki ni mimi tu."

"Basi utahitaji msemaji, dada yangu," Mzee wa Itifaki akasema kwa matumaini.

"Nitasema mwenyewe."

Safari ni mwishoni mwa mwezi ujao. Mwalimu anapanga kutumia mwaka huo vizuri. Fedha zitaongeza chumba cha mbele, kiwe duka la ushonaji, ili cherehani itoke sebuleni. Atampigia simu Chiriku kila Jumapili, na ameshajiandaa kutosema neno hata moja katika mazungumzo hayo. Akirudi atafundisha tena palepale, kama wanafunzi wake watakubali kuacha kuimba.

Jumamosi, gazeti hili linaporudi sebuleni kwao, linamwuliza mkewe: atamwambia nini siku hiyo ya kumuaga? Mama Chiriku anazungusha futi ya kupimia kidoleni.

"Kwenye sherehe zote tatu nilisimama nyuma na sahani, nikasikiliza," anasema. "Wote walimwambia nenda salama. Nenda, usitusahau. Nenda, ututumie hiki na kile. Hata baba mdogo, na maneno yake yote yale. Nilisubiri, hakuna hata mmoja aliyemwambia arudi. Mimi nitamwambia arudi."

"Nitarudi," mwalimu anasema upesi kutoka kwenye sanduku lake.

"Ngoja kwanza niseme," mkewe anamwambia.